Tumbo la Gari na Barabara za Mlimani

Ndugu msikilizaji, wiki hii naomba nianze na mama yangu mzazi. Ana umri wa miaka 76, anaishi Vunjo, juu kidogo ya barabara ya lami, kwenye kihamba alichoachiwa na marehemu baba. Kila mwezi anatakiwa kuteremka Moshi mjini kumwona daktari kwa ajili ya nyonga na shinikizo la damu. Mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alisema basi, mateso ya mama kupakatwa kwenye pikipiki sasa yamekwisha. Akanunua gari dogo, Toyota Aqua, mojawapo ya yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, ambayo mafundi na madalali wetu huyaita haibridi. Gari likaagizwa Japani, likateremshwa bandarini, likapanda Moshi wiki moja kabla ya Krismasi, ndani ya ule msururu wa magari ya Wachagga wanaorudi nyumbani kila Desemba.

Gari lile halikufika kwa mama. Lilipofika pale mfongo wa maji unapokatiza njia, mita kama 300 kutoka nyumbani, lilikaa kwa tumbo kama bata aliyetaga. Vijana wanne walikuja wakalinyanyua kwa mikono. Mama naye aliteremka taratibu kwa fimbo yake, akalizunguka, akaliinamia, kisha akamwuliza mdogo wangu: "Sasa baba, hili gari limenunuliwa lije kwangu, au ni mimi niende kwake?"

Mdogo wangu hakuwa na jibu. Mimi nilirudi mjini na swali lile kichwani, maana babu yangu aliwahi kusimulia kuhusu malori yaliyopita njia ile ile kabla hata haijawekwa kokoto. Ilikuwaje basi magari ya zamani, mazito na mabovu kuliko haya, yakafika nyumbani kwetu, na gari la kisasa lenye kompyuta ndani yake likashindwa na mfereji wa maji? Nimejaribu kufuatilia, na niliyoyakuta ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanzie mbali kidogo. Tarehe 10 Agosti, 1907, ofisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akakusudia kuvuka bara la Afrika hadi upande wa pili. Alifika Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia, tarehe 1 Mei, 1909. Ni karibu miaka miwili njiani, na sehemu kubwa ya muda huo haikwenda katika safari bali katika kusubiri vipuri, kusubiri petroli, na kusubiri watu waje walivute gari kutoka mtoni au kwenye tope. Lile gari lilikuwa limetengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, tumbo likiwa juu sana kutoka ardhini. Wenyewe walijua tangu mwanzo kwamba injini yenye nguvu bila kimo ni kazi bure.

Wala si gari la Graetz pekee. Mwaka 1908 Ford wa Marekani alianza kutengeneza gari la Model T, na hadi mwaka 1927 alipolisimamisha yalikuwa yameshatoka zaidi ya milioni 15. Gari hilo lilisimama juu, nafasi ya sentimita 25 hivi kati ya tumbo na ardhi, na springi zake zilimruhusu kila gurudumu kwenda chini na juu kwa kadiri ya shimo. Sababu ni rahisi. Mkulima wa Marekani wa wakati huo alikuwa na barabara kama yetu ya Kirua au Mamba: udongo wakati wa jua, uji wakati wa mvua, na makorongo yaliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, gari lilizaliwa refu. Lilishuka baadaye, pale wenzetu walipotandika lami mpaka mlangoni. Kila barabara ilipokuwa nzuri zaidi, mhandisi aliona faida ya kuliteremsha gari karibu na ardhi: linakata kona vizuri, linapita kwenye hewa bila kusumbuka, linakula mafuta kidogo. Barabara ndiyo iliyolishusha gari. Sisi tumelipokea gari lililoshuka, na barabara ile iliyolishusha hatukuipokea.

Hapa kwetu Kilimanjaro mambo yalikwenda kwa mtindo wa pekee. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mzigo wa kutoka pwani ukawa unafika Moshi kwa gari moshi, lakini kutoka Moshi kupanda Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu hadi Rombo, ulikuwa mgongo na kichwa cha mtu. Kisha ikaja vita. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi kupitia Taveta, yakiwa na malori na magari madogo ya kila aina. Watu wa hapa hawakuwahi kuona magari mengi kiasi hicho. Lakini mwezi uliofuata masika yakafunguka. Kikosi cha Van Deventer kilikuwa kimeshakimbilia Kondoa Irangi, na njia ya kukipelekea chakula kutoka huku kaskazini ikawa bahari ya tope. Malori yalizama. Askari walikaa na njaa, na aliyewaokoa, kama kawaida, ni mpagazi wa Kiafrika aliyetembea kwa miguu na gunia kichwani.

Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na mahali walipopigiwa kambi Dar es Salaam ndipo panapoitwa Kariakoo hadi leo. Nalitaja hili kwa sababu moja. Mdogo wangu alipotaka vipuri vya kuliinua gari lake alivinunua Kariakoo. Mahali palipopewa jina la watu waliobeba mizigo pale magari yaliposhindwa, ndipo tunapokwenda leo kutafuta dawa ya magari yanayoshindwa. Sijui kama wauza vipuri wa pale huwa wanalifikiria hilo. Sidhani.

Baada ya vita ikaja kahawa. Wachagga walianzisha chama chao cha wakulima, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, ambacho ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya mwanzo kabisa Afrika. Wengi tunaizungumza historia hiyo kwa bei na kwa siasa za mamangi. Lakini kahawa pia ilidai barabara. Kina mama waliteremsha magunia kichwani mpaka kwenye ghala la chama cha msingi, na kutoka ghalani ilibidi lori lipande kuifuata. Njia nyingi tunazopita leo zililimwa kwa mikono, kwa msaragambo, kwa jembe na sululu, kila kijiji na kipande chake. Zililimwa kufuata mgongo wa mlima, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu katikati ya mgongo na mgongo kuna bonde lenye mto. Na kwa kuwa wazee wetu walikuwa wameshachimba mifongo ya kumwagilia vihamba kabla hata mzungu hajaujua mlima huu, kila njia iliyolimwa ilibidi ikutane na mfongo. Mfongo ulikuja kwanza, barabara ikaja baadaye. Mwenye gari anapolaani mfereji, ajue kwamba mgeni ni yeye.

Udongo nao una tabia yake. Ni mwekundu, laini, wa volkano. Ukikauka ni vumbi kama unga wa ngano, linapenya hata kwenye saa ya mkononi. Ukilowana ni sabuni. Lori la miaka ile liliupita kwa sababu mbili: lilikuwa juu, na lilifungwa minyororo kwenye matairi. Springi zake zilikuwa vipande vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja, na mzigo ukizidi, fundi aliongeza kipande kimoja. Basi, gari likapanda juu. Huo ndio uinuaji wa gari wa kwanza ninaoujua huku kwetu, na ulifanyika chini ya mwembe kwa nyundo na spana mbili.

Mwaka 1948 Waingereza walionyesha Land Rover kwa mara ya kwanza, mjini Amsterdam. Sina haja ya kuieleza kwa mtu wa Moshi. Wenye umri wangu tumekwenda nayo shuleni, tumebanwa ndani yake watu 14 na mbuzi mmoja, magoti mdomoni, tukapanda milima ambayo leo mtu anaipiga picha kwa mshangao. Ilirusha abiria juu mpaka kichwa kikagonga bati, lakini ilifika.

Hata hivyo, mimi nadhani funzo kubwa zaidi halikutoka kwenye Land Rover, kwa sababu ile ilizaliwa ya porini. Limetoka kwenye magari ya kawaida ya familia. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye tuliyafahamu kama Safari Rally. Sharti la mwanzo lilikuwa kwamba yashindane magari ya dukani, anayoweza kununua karani au mwalimu. Yakapitishwa Usambara, yakapitishwa kwenye tope jeusi na vumbi jekundu, mvua za Pasaka zikiwa juu yake. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Saba! Mengine yote yaliachwa njiani, yamepasuka sampu, yamevunjika springi, yamekaa kwa tumbo kama la mdogo wangu. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404. Na mwaka 1966 na 1967 Peugeot hiyo hiyo ilishinda ikiendeshwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania.

Kwa nini Peugeot? Haikuwa na kasi kuliko nyingine zote. Haikuwa na nguvu ya ajabu. Ilikuwa na springi ndefu zenye nafasi ya kutosha ya kushuka na kupanda, na tumbo lililokuwa juu ya mawe. Gurudumu likiingia shimoni lilishuka mpaka chini kulifuata shimo, na mwili wa gari ukabaki umetulia. Ndiyo maana baada ya mashindano teksi za mikoani, za Moshi kwenda Arusha, za Moshi kwenda Same, zikawa Peugeot tupu. Watu walisoma matokeo ya Pasaka kwenye gazeti, kisha wakaenda kununua gari.

Hapa sasa ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Katika miaka ile viwanda vilitambua kwamba barabara si moja duniani. Volkswagen, kwa mfano, iliuza magari yake yakiwa na vifaa maalumu kwa ajili ya nchi za barabara mbaya: springi ngumu zaidi na ndefu zaidi, na bati nene chini ya injini. Peugeot nao walikuwa na matoleo yao ya nchi zenye joto na vumbi. Gari liliinuliwa kiwandani, na mhandisi aliyelichora ndiye aliyekokotoa kila kitu upya: pembe ya gurudumu, urefu wa shokapu, mahali pa taa. Wakala wa Dar es Salaam au Nairobi aliagiza toleo hilo, nalo likaja jipya ndani ya meli.

Kisha hali ya uchumi ikabadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikauka na gari jipya likawa ndoto. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na katika kipindi cha Mzee Mwinyi, kipindi cha ruksa, mlango ukafunguka. Miaka ya 1990 yakaanza kumiminika magari yaliyotumika kutoka Japani. Mimi silaumu. Bila magari hayo, mwalimu na muuguzi wasingelijua usukani mpaka leo, wala tusingepata vile vifodi vilivyotupeleka mjini kwa nauli tunayoiweza. Lakini kitu kimoja kilitoweka kimya kimya, na hakuna aliyekililia. Gari lililotumika Japani lilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Hakuna mhandisi wa Nagoya aliyeliwazia likipanda Kilema mwezi wa nne. Kazi ya kuliinua, iliyofanywa na kiwanda, ikahamia kwa fundi wa Majengo na Pasua, asiye na michoro, asiye na vipimo, mwenye macho yake na uzoefu wake tu.

Haibridi imeufanya mwanya huo uwe mpana zaidi. Toyota ilitoa Prius mwezi Desemba 1997, na Aqua ikafuata Desemba 2011. Nia ya gari la namna hii ni kubana mafuta, na mhandisi anayebana mafuta huanza na hewa. Analiteremsha gari, analilaza kioo, anaufunika uso wake wa mbele, ili lipite kwenye upepo kama samaki majini. Aqua ina nafasi ya sentimita 14 hivi chini ya tumbo. Chini ya sakafu kunapita waya mnene wa rangi ya chungwa wenye umeme wa nguvu kubwa, kutoka kwenye betri iliyo karibu na kiti cha nyuma kwenda kwenye mtambo wa mbele. Umewekewa kinga, lakini jiwe la Mto Himo halisomi kitabu cha kiwanda.

Lakini nisije nikaonekana nalisema gari la watu. Kwenye mlima haibridi ina maajabu yake. Lango la Marangu liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,860, na mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi. Ukiteremka kutoka huko juu, kila unapokanyaga breki ile mota ya umeme inageuka kuwa jenereta, na mteremko wote ule ambao kwenye gari la kawaida unaunguza breki tu, hapa unajaza betri. Betri ikishajaa, gari linaizungusha injini yenyewe ili izuie mwendo. Nimeshuka nalo mwenyewe, na nakiri nilifurahi kama mtoto. Mlima unakulipa kwa kuupanda.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Baada ya aibu ya mfongo alilipeleka gari kwenye gereji moja mjini, ambayo sitaitaja. Fundi akamwambia: "Mangi, hilo dogo. Tunanyanyua sentimita tano." Mbele akaweka vipande vya chuma vilivyochongwa kwenye mashine, juu ya shokapu, pale zinapofungwa kwenye mwili wa gari. Hizo ndizo spesa. Nyuma, ndani ya springi, akasokomeza vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu. Jioni gari likatoka limesimama kama jogoo. Mfongo likauruka. Mama akapakiwa mlangoni kwake kwa mara ya kwanza, na majirani wakaja kushangilia.

Mwezi wa kwanza, furaha. Mwezi wa pili, matairi ya mbele yakawa yanalika upande mmoja. Usiku, madereva wanaokuja mbele wakawa wanawasha taa zote kwa hasira, kwa kuwa pua ya gari ilikuwa imeinuka na taa zikawapiga machoni. Mwezi wa tatu, kila unapokata kona ukawa unasikia ta-ta-ta-ta kwenye gurudumu la kushoto. Fundi akasema ni kawaida, gari linazoea.

Mwezi wa nne, katikati ya masika, kijana wetu mmoja wa ukoo alikuwa anamteremsha mama kwenda kwa daktari. Kwenye kona gurudumu la kushoto likaingia kwenye shimo lililojaa maji, likashuka mpaka mwisho wake, na pakasikika mlio. Gari likakataa kwenda. Kijana akasimamisha, akaweka gia kwenye herufi ya P kama alivyofundishwa, akashuka kutazama. Ile shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu ilikuwa imechomoka. Na alipokuwa ameinama anatazama, gari likaanza kusogea lenyewe kwenye mteremko, mama akiwa ndani.

Namshukuru Mungu, kijana alikuwa mwepesi. Aliruka ndani akavuta breki ya kuegeshea, na mpita njia mmoja mwenye akili akasukumia jiwe chini ya tairi. Mama hakuumia. Aliposimuliwa baadaye alisema yeye alidhani safari inaendelea.

Nimeuliza mafundi watatu wazoefu kuhusu tukio lile, na maelezo yao yanafanana. Shafti ya gari lenye kuvutwa na magurudumu ya mbele haikunyooka kama ufito. Inakunjika kwenye maungio mawili, na ungio la ndani lina nafasi ndogo ya kuingia na kutoka. Ukiliinua gari kwa spesa ya sentimita 5, gurudumu linasukumwa chini na shafti inainama kuliko alivyokusudia mhandisi. Kila mzunguko wa gurudumu unazitesa raba zinazofunika grisi, zinapasuka, vumbi letu jekundu linaingia, na ungio linasagika. Hiyo ndiyo ta-ta-ta. Kisha gurudumu likishuka kwenye shimo refu, shafti inavutika kupita ile nafasi yake na kuchomoka. Na shafti ikishachomoka ile P haina tena kitu cha kushika, kwa sababu yenyewe hufunga mtambo, haifungi magurudumu. Jambo hilo madereva wengi hawalijui, nami sikulijua.

Kuna na la pili. Zile springi za nyuma hubeba betri tangu siku ya kwanza, kisha sisi tunaongeza mikungu ya ndizi, gunia la mahindi na shangazi wawili. Mara nyingi gari halihitaji kuinuliwa bali kurudishwa kimo chake cha kiwandani, kwa springi mpya, kwa kuwa zile za zamani zimechoka baada ya miaka 10 ya Japani na mitatu ya Tanzania. Mpira wa tairi ukisokomezwa ndani ya springi unaizuia isifanye kazi. Gari linakuwa juu, naam, lakini limekuwa gogo. Mapigo yote yanapanda kwenye mwili wa gari na kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa. Nyonga ya mama ilizidi kuuma katika miezi ile mitatu, na sisi tukadhani ni baridi ya mlimani.

Mafundi waliniambia pia habari ya tundu. Karibu na kiti cha nyuma kuna tundu dogo lenye wavu, ambalo betri inavutia hewa ya kujipooza. Watu wanalalia magunia juu yake, au linaziba kwa vumbi. Betri inachemka, inakufa kabla ya siku zake, na lawama inakwenda kwa Mjapani. Wanaoinua gari kwa ajili ya barabara ya vumbi wengi hawalikumbuka lile tundu hata kidogo.

Kwa hiyo kuinua ni makosa? La hasha. Tazama Mongolia. Jiji lao la Ulaanbaatar limejaa Prius zilizotumika kutoka Japani kuliko pengine mahali popote nje ya Japani yenyewe, kwa kuwa serikali yao imezipunguzia ushuru na kwa kuwa zinavumilia baridi kali asubuhi. Na Wamongolia wanaziinua, kwa sababu ukitoka nje ya jiji kuna nyika na njia za udongo. Marekani nako wako wanaouza vifaa vya kuinulia Prius kwa ajili ya kwenda maporini. Kinachotofautiana ni kipimo. Wanaojua kazi yao hukaa kwenye sentimita 3 au 4, na kila kinachoguswa na kimo hicho hupimwa upya.

Gari la mama sasa liko kwa fundi wa pili, mzee mmoja aliyejifunza kazi kwenye Peugeot na Land Rover, na ambaye kabla ya kugusa spana alizima gari, akachomoa kwanza ile betri ndogo ya kawaida na kisha kile kifungo cha kukata umeme mkubwa, akasubiri dakika kadhaa. Nikamwuliza: "Shikamoo mzee, mbona unaogopa hivyo?" Akanijibu: "Marahaba mwanangu. Umeme haujui kama nina wajukuu." Ameondoa mipira ya tairi, ameweka springi mpya nyuma, na mbele spesa za sentimita 3 badala ya 5. Ameshauri matairi yenye shavu nene kidogo, kwani ukiongeza sentimita 2 kwenye kipenyo cha tairi unapata sentimita 1 ya kimo, na hiyo inainua kila kitu, pamoja na vyuma vya chini ambavyo spesa haiviinui. Shafti mpya, raba mpya. Bati chini ya injini. Alaimenti baada ya yote, na taa zishushwe. Bei yake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya gereji ya kwanza, na mdogo wangu amelalamika kwenye simu mpaka salio likaisha.

Lakini mzee yule aliniambia jambo jingine. Alisema ile sentimita ya mwisho haipatikani gereji. Alitaka nimpeleke akaone njia yenyewe, nikampeleka. Akasimama kwenye mfongo, akapima kwa mkono, akasema kinachoshika tumbo ni kile kingo cha juu kilichochimbika, na kwamba kalvati moja na nusu lori la mawe vingefanya kazi ambayo hakuna spesa itakayoifanya. Barabara kama ile leo ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017, na hizo zetu za vichochoro hazijafika hata kwenye orodha ya kungojea. Wazee waliolima njia ile kwa msaragambo hawakuwa na wakala. Walikuwa na baragumu na siku ya Jumamosi.

Nimezungumza na kaya 11 zinazotumia njia hiyo. Kaya 7 zimekubali kutoa mtu na jembe, 2 zimesema zitatoa fedha, 1 inataka kwanza kujua mfongo utapitaje ili mgomba wake usikose maji, na hoja hiyo ni ya haki. Ya mwisho ni ya jirani mmoja mwenye Land Cruiser. Yeye anasema haoni tatizo liko wapi.

Kazi inaanza Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, mvua isiponyesha. Mama amesema atapika ndizi.